Konokono na Ugoro wa Baba Mkwe

Wajukuu zangu wana tangi la kioo sebuleni. Nikisema badilisheni maji, wanabadilisha, hawabishi. Wanajua bibi yao anawajua konokono.

Nilianza kuwafuga kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja hapa Mbeya, na yule Mzungu alipohamia Iringa alituachia tangi lenye konokono sita wa majini. Majirani walinicheka, eti nafuga makamasi. Wacheke. Mimi niliwatazama mpaka nikawaelewa. Konokono akilala hujifungia ndani ya gamba kwa kile kifuniko chake. Maji yakimpendeza hutambaa chini akilamba ukoga, pembe nje. Yakiharibika, wote hupanda kioo, na hapo mimi nilishika ndoo.

Basi baba mkwe akaja kututembelea kutoka ziwani. Kwetu Wanyakyusa, wakati ule, mke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, haingii alipo. Yeye akakaa sebuleni kando ya tangi, mimi nikajibana jikoni. Mume yuko kazini.

Nikamsikia akimwambia binti yangu wa miaka minne, "Mke wangu, hawa wageni wako wa humu majini hawajapewa kitu. Ngoja niwape ugoro." Kwa mzee yule, kumnyima mgeni ugoro ni kumtukana.

Nikamwita mtoto. "Mwambie babu ugoro utawaua."

Akaenda, akarudi. "Babu anasema yeye ameunusa toka ujana na hajafa."

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango, chini chini, nione kioo tu. Maji yalishageuka rangi ya ugoro, na wote sita walikuwa wamepanda. Mmoja ameshafika ukingoni.

"Mwambie babu wanayakimbia maji. Kisha uniletee hao konokono hapa."

"Babu anasema wanakuja kumsalimia, tusiwatoe."

Kisha nikasikia tubwi. Alikuwa akiwarudisha majini, mmoja mmoja, kwa upole kabisa. Wanapanda, anawarudisha. Tubwi. Ndoo ya maji safi ninayo mkononi, na mlango wenyewe hauna hata komeo. Ningeingia, mzee angeondoka saa ile ile, na ukoo mzima ungesema mwana wao ameoa mwehu.

Baadaye kukawa kimya. Mtoto akaja. "Babu anasema wamelala. Anasema unawatunza vizuri."

Nikachungulia tena. Vifuniko vilikuwa wazi, nyama zinaning'inia nje.

"Mwambie babu asante," nikasema, nikaitua ndoo.

Akaenda kumwambia.