Kazi Niliyoiomba kwa Ndoo ya Asali

Elimu yangu ni darasa la tatu, na sioni haya kuiandika. Moto wa porini ulipoteketeza mizinga yangu yote kule nyuma ya Itetemia, nilikwenda mjini kutafuta kazi. Nilikuwa na miaka hamsini na sita.

Ghala moja la asali pale Cheyo lilitaka mtu wa kupokea asali kutoka vijijini. Vijana walikuwa wamejipanga na bahasha zao. Karani wa mlangoni akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Bibi, hapa wanataka vyeti, siyo mvi."

"Mvi zangu nimezipata bila kufeli, mjukuu wangu."

Foleni ikaangua kicheko. Mimi sikujipanga. Nilizunguka uani kutazama wanachotupa, maana tajiri hakwambii shida yake, utaiona jalalani. Nikakuta ndoo za asali iliyochacha, zimerudishwa na wateja. Kumbe! Tangazo lilidai kidato cha nne na kompyuta, wala halikusema kwamba mwenye ghala analizwa na warina asali wenzangu, wanaovuna kabla nyuki hawajaziba masega.

Tajiri, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, akaja kunitoa, mkononi kashika ndoo aliyotoka kuipokea. Walau alianza na shikamoo.

"Marahaba. Ile ndoo uliyopokea sasa hivi ni changa. Itachacha."

"Mama, nimeionja mwenyewe. Tamu."

"Hata changa ni tamu. Iinamishe uone inavyokimbia kama maji. Haya, ifunge, iweke wiki moja. Nikikosea, hutaniona tena."

Nikamwachia karani namba yangu nikaondoka. Majirani walinishauri nirudi nikapige magoti. Wapige wao! Wiki nzima nilikula viazi vya kuchemsha, na mtaa ule sikuupita hata kwa kuchungulia.

Siku ya nane tajiri akapiga simu. Mfuniko wa ile ndoo ulikuwa umevimba, povu linatoka.

"Njoo, mama. Kwa kuanzia nitakupa kazi ya usafi."

"Usafi fanya mwenyewe. Mimi nitasimama kwenye mizani, na nikisema ndoo irudi, irudi, hata kama ni ya mjomba wako."

Ndani sikuwa na unga, nasema kweli. Lakini neno sikulipunguza.

"Hiyo iliyovimba ndiyo ya mjomba," akasema. "Njoo kesho asubuhi, umwambie wewe."