Siku Niliyofuta Debian, Sendofu ya Dada Ikawa Giza

Jamani, mimi huyu huyu ninayewatengenezea watu kompyuta hapa Tunduma niliumbuka mbele ya wakwe, tena wakwe waliovuka mpaka kutoka Nakonde na suti zao, na nikikumbuka bado nacheka peke yangu kama chizi.

Ilikuwa sendofu ya dada yangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Bibi yetu wa Iyula miguu ilikuwa imemgomea, safari haiwezi, kwa hiyo nilimfuata kwake nikamrekodi akimbariki mjukuu (alibadilisha vitenge weee, mimi nasubiri tu). Neema alichotaka siku ile ni baraka ya bibi, mengine yote, keki sijui mapambo, hayakumshughulisha.

Sasa laptopu yangu ilikuwa na Linux mbili (mifumo ya kuendeshea kompyuta), Ubuntu na Debian, na ukiwasha kuna kiprogramu kinaitwa GRUB kinakuuliza leo unataka ipi. Asubuhi naona diski imejaa, nikasema Debian yenyewe siitumii, nikaifuta yote, video ikakaa vizuri kwenye Ubuntu, nikajiona fundi kwelikweli. Nilichosahau ni kwamba GRUB yenyewe iliwekwa na Debian na mafaili yake yalikaa humo humo, yaani nimemfukuza mpangaji kumbe ndiye mwenye funguo za geti.

Ukumbini projekta ikagoma kuonyesha picha. Si ningechomoa tu waya nikachomeka tena! Mimi nikazima laptopu nikawasha, ukuta mzima ukawa mweusi, maandishi meupe, "grub rescue", basi. Nikabonyeza kila kitu, jasho linanitiririka hadi kwenye tai, na flashi ya kuokolea kompyuta nilikuwa nimeifuta asubuhi hiyo hiyo ili niweke nyimbo (msiniulize).

MC akatangaza, "Wakwe zetu, tulieni, ni filamu ya kutisha, itaisha."

Baba mkwe wa Neema akaniinamia kwa upole, na neno la heshima la kwao. "Mukwai, hiyo sinema inaanza saa ngapi?"

Neema machozi yakaanza kumlenga. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Mama akamnyang'anya MC maiki, akampigia bibi, akaweka spika, akaibana simu kwenye maiki.

"Video ya nini tena, si niko hapa naongea?" bibi akafoka, halafu akambariki kwa Kiswahili, akahamia Kinyiha, akamalizia na wimbo, na Neema anamjibu, "Amina, bibi," na bibi naye anamwitikia, vigelegele ukumbi mzima, wakwe wamesimama wanacheza. Nikacheza huku nalia, maana video yangu isingemjibu mtu.

"Na yule wa kompyuta yupo?" bibi akauliza. "Nilivyopendeza siku ile, ole wake anipoteze!"

Kesho yake nilirudisha GRUB, bibi nikamkuta salama kwenye video yake. Ila nimeapa: nikifuta Linux tena, nitazima na kuwasha kwanza chumbani kwangu, peke yangu, mlango nimeufunga.