Mstari Mnene Kwenye Pakiti za Masama

Asubuhi moja ninayoikumbuka mpaka leo, Meku Anaeli, mzee aliyetunza ghala la kikundi cha wakulima wa kahawa kule Masama, alinyang'anywa ufunguo mbele ya wenzake kwa sababu ya unene wa mstari. Hakuna aliyemwona akiiba. Hakuna gunia lililopungua. Ilikuwa mistari tu ya nembo, kwenye pakiti ndogo za kahawa, iliyoonekana minene kuliko ilivyozoeleka.

Ngoja nirudi nyuma, mwanangu, maana nawe umeianza kazi hii ya usanifu, na jana nilikuona umeshika nembo ya mteja ubavuni, unaivuta kama mtu anayeburuta mbuzi.

Wakati huo nilikuwa kijana katika ofisi ndogo ya uchapaji mjini Moshi. Wasanifu tulikuwa wawili, mimi na Eliakimu. Nembo ya kikundi niliichora mimi: mlima, na chini yake majani mawili ya isale, mmea tunaoupanda mipakani, yote kwa mistari myembamba. Ulikuwa mchoro wa vekta, yaani ule ambao kompyuta huuhifadhi kama maumbo na si kama picha, kwa hiyo unaukuza au kuupunguza upendavyo na hauharibiki. Ndivyo tulivyoamini. Kwanza tuliuweka kwenye magunia. Baadaye kikundi kikataka pakiti za robo kilo, na kazi hiyo akaifanya Eliakimu kwenye laptop yake.

Haikupita muda, mnunuzi wao akakuta boksi la pakiti hizo katika duka moja la Himo, akazilinganisha na gunia. Kwenye gunia, majani ya isale yalionekana mshipa kwa mshipa. Kwenye pakiti yalikuwa doa jeusi. Akasema hizo ni bandia. Na nje ya ofisi yetu, nakala ya nembo ilikuwa kwenye flashi moja tu, aliyokabidhiwa Anaeli. Wanakikundi wakamshuku kwamba ameiuza nembo, wakamnyang'anya ufunguo, wakaniita nikatoe ushahidi. Kompyuta yangu ilikuwa ya mezani, nikaazima laptop ya Eliakimu, nikapanda Masama.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya ghala, kila mtu akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mwenyekiti wao, Mama Ndeshi, aliitikia shikamoo yangu na kunipa pakiti mkononi.

"Hii ni kazi yenu?"

Sikuhitaji kuitazama sana. Haikufanana na nilichochora. Nikamtupia jicho Anaeli, ambaye alikuwa anafuta viatu vyake visivyo na vumbi, na moyoni nami nikamshuku.

"Hapana, mama, hii siyo..."

"Mae! Umejibu kabla hujaangalia," akanikata. "Hiyo kompyuta umekuja nayo ya kupangia viazi? Ifungue. Ipunguze nembo yako hapa hapa, tuone inakuwaje."

"Mangi wa mjini leo kapatikana," akasema mzee mmoja, na wenzake wakacheka.

Nikaifungua. Nikashika kona ya nembo, nikaipunguza kutoka ukubwa wa gunia hadi wa pakiti. Mlima ukawa mdogo. Mistari haikupungua hata kidogo. Majani ya isale yakamezana mbele ya macho yetu, yakawa doa lilelile nililokuwa nalo mkononi. Kwenye mipangilio ya programu kuna mahali pa kuweka tiki, ili unene wa mistari ubadilike pamoja na umbo. Kwangu tiki ilikuwepo. Kwa Eliakimu haikuwepo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuangalia.

"Kwa hiyo mwizi ni tiki," akasema Anaeli. Safari hii hakuna aliyecheka.

Unajua kwetu, mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, hulikatai; na ukishalipokea, jambo limefungwa. Wakalikata palepale kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wakampa. Akalipokea kwa mikono miwili, akarudishiwa ufunguo wake.

Mimi nilikuwa narudisha pakiti kwenye boksi lililoletwa kutoka Himo nilipoiona moja isiyofanana na zile nyingine. Mistari yake ilikuwa myembamba, sawa kabisa. Lakini mlima ulikuwa umebonyea, mpana kama kichuguu kilichokanyagwa na ng'ombe. Mtu alikuwa ameuvuta kwa ubavu bila kulinda uwiano. Nikapekua chini, nikapata nyingine, na nyingine. Nikamwonyesha Mama Ndeshi pembeni. Akalitazama jani mkononi mwa Anaeli.

"Jambo limefungwa," akasema taratibu. "Usimtaje mtu kwa usichokijua. Ila usijidanganye kwamba hukuona."

Niliporudi mjini nilifungua mafaili yetu yote. Hakuna lenye mlima uliobonyea, na nakala nyingine ilikuwa ile ya flashi tu. Eliakimu akaapa kwamba si yeye.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kabla hujabadilisha ukubwa wa nembo, angalia tiki ile, hata kwenye kompyuta yako mwenyewe, maana hujui nani aliikalia jana. Shika kona, usishike ubavu, na kidole kibaki kwenye kitufe cha shifti mpaka uachie kipanya. Kazi ikitaka kutoka mikononi mwako, tengeneza nakala yake na ugeuze mistari yenyewe iwe maumbo ya kujazwa rangi, ili unene wake usitegemee mipangilio ya mtu mwingine. Mchoro wa asili baki nao. Kisha chapisha kwa ukubwa halisi uione kwenye karatasi, kwa sababu kioo cha kompyuta hukuza na kukubembeleza. Na kazi ikiharibika, ishuku kazi kwanza, halafu mashine, mtu awe wa mwisho. Nimesema wa mwisho. Sikusema asishukiwe kabisa.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lisilodanganyika upesi, na kazi yako isimwaibishe mtu mbele ya wenzake.

Meku Anaeli tulishamzika zamani kihambani kwake, na Eliakimu alihama Moshi siku nyingi. Mwezi uliopita nilinunua pakiti ya kahawa ya kikundi dukani Himo. Mlima bado umebonyea.