Fimbo ya Kuvulia ya Mama Mkwe

Chukua ubale mkavu wa mwanzi, ushike ncha zote mbili, kisha ukunje polepole. Utauhisi ukikataa. Uachie, nao utaruka kurudi ulikotoka kama mtu aliyesikia akiitwa. Mruko huo hunisisimua mpaka leo, ingawa nimetengeneza fimbo za kuvulia samaki kwa miaka mingi katika karakana yangu hapa Gatitu. Majirani huja kuulizia kabati au kitanda, wakamkuta fundi anapinda vijiti na kucheka peke yake.

Fimbo ninazosema si zile za kukata kichakani na kufunga uzi. Hizi ni za kuvulia trauti, yule samaki wa madoadoa anayeishi katika mito baridi inayoshuka kutoka milimani. Trauti hupenda wadudu wanaoelea juu ya maji. Basi mvuvi humtupia nzi wa uongo: ndoana ndogo iliyovishwa manyoya ya jogoo na nyuzi za rangi. Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo huwezi kumtupa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na kinachourusha ni fimbo inayojua kupinda na kunyooka. Ukilielewa hilo, umeshaelewa nusu ya kazi yangu.

Mama mkwe wangu, anayeishi Ruring'u, alifunga nzi hao maisha yake yote ya kazi. Unyoya huu, uzi ule, fundo, kata. Nzi wake walitiwa kwenye maboksi wakaenda kwa wavuvi wa nchi za mbali, naye hakuwahi kumwona samaki akimla hata mmoja. Kisha kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba kila asubuhi ya baridi, na wewe unajua baridi ya Nyeri. Akaacha kazi. Ndipo likaja ombi.

Lilikuja kwa njia ya kwetu. Mkwe huheshimiwa kwa mbali. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mama huyu hajalegeza chochote. Hatushikani mikono, hanitazami usoni, na akiwa na neno nami humwambia mke wangu, hata kama nimekaa kiti cha pili kutoka chake. Mke wangu amerithi jina la nyanya yake, mama wa mama yake, kwa hiyo mama mkwe humwita "maitu", yaani mama yangu.

"Maitu," alisema Jumapili moja, mimi nikiwa pale pale na kikombe changu cha chai, "mwambie huyo fundi wako anitengenezee fimbo."

"Amesikia, Mami."

"Sijauliza kama amesikia. Mwambie."

Mke wangu akanigeukia akiwa ameuma midomo asicheke. "Umeambiwa utengeneze fimbo."

"Mwambie mama nitafurahi. Lakini fimbo ya kazi gani?"

"Ati ya kazi gani!" mama mkwe aliuambia ukuta. "Ya kuvua! Nataka kuona nzi yangu ikiliwa, niione na haya macho, kabla huu mkono haujafunga kabisa. Na aharakishe. Mvua ikianza, mto utakuwa chai ya maziwa. Samaki ataona nini huko ndani?"

Nilitoka pale moyo ukidunda kama wa kijana. Fimbo kwa mtu aliyefunga nzi maelfu! Ningemtengenezea nani mwingine kwa raha kama ile?

Mianzi yangu huitoa Kutus, ambako jamaa yangu ameipanda kando ya mtaro wa maji. Nilichagua mmoja uliokomaa, wenye ukuta mnene, uliokuwa umekauka darini msimu mzima. Ukitaka kujaribu nawe, usiogope; kazi hii haitaki nguvu, inataka kutulia tu. Unaupasua mwanzi kuwa mabale sita. Vifundo vyake unavilainisha kwa tupa na kuvinyoosha juu ya moto mdogo. Kila ubale unaupiga randa mpaka uwe na pande tatu, mnene huku na mwembamba kule, halafu unayaunganisha yote sita kwa gundi, migongo yenye ganda ikiwa nje, vifundo visikutane mahali pamoja. Unafunga kwa uzi na kungoja. Ukifungua, vijiti sita vimekuwa fimbo moja. Kila mara naona kama nimedanganywa, nami huzungusha fimbo mbele ya dirisha nikitafuta ilipounganishwa.

Yote hayo yalikwenda vizuri. Shida ilikuwa mpini. Mpini huchongwa kufuata mkono wa mwenyewe, na mteja mwingine yeyote ningemshika mkono, nikamwambia ashike hivi, kaza, legeza. Sasa niambie wewe, mkono wa mama mkwe utaushikaje?

"Nitampima mimi kwa uzi," mke wangu alisema.

"Uzi utaniambia unene wa mkono. Hautaniambia anavyoshika."

Hapo nikapata wazo, nikajiona mjanja kweli. Nilimwomba mke wangu aniletee ule mwiko wa zamani ambao mama yake husongea mukimo, viazi na mahindi vya kupondwa pamoja na majani. Mti wake ulikuwa umeliwa na kiganja mpaka ukatoa bonde. Nikachonga mpini wa fimbo ufanane na bonde lile kabisa, kwa gome laini kama la vizibo vya chupa, nikafunga pete za kupitishia mshipi kwa uzi mwekundu, nikapaka vanishi.

Tuliijaribu kwenye nyasi nyuma ya nyumba yake. Aliposhika fimbo alinipa mgongo, nami nikampa maelekezo kupitia kwa mke wangu. Mshipi uliinuka, ukanyooka nyuma yake, ukarudi mbele na kutua taratibu. Nilipiga makofi! Akarusha tena. Kisha akaishusha fimbo na kuukumbatia mkono wake ndani ya shali.

"Maitu, mwambie fundi hii ni mwiko."

"Ni mwiko kweli, Mami. Alinituma niuchukue jikoni kwako ndio apime."

"Kumbe ni yeye! Na vile nimeutafuta!" Alitoa ngumi ndani ya shali. "Mukimo husongwa na bega. Hii si ni kazi ya vidole? Nikiikamata kwa ngumi hivi, mkono unawaka moto."

Alikuwa amesema kweli. Mwiko ulinionyesha anavyokandamiza chini, nami nilitaka kujua anavyogusa kitu chepesi. Nikatazama upande wa mlima. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Fimbo ilikuwa nzuri, mto bado ulikuwa safi, na kilichobaki kati yao ni mpini wa urefu wa shubiri moja tu.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Chapati?" niliuliza.

"Bado ni donge, na usile. Huo ni mkono wa Mami."

Nilifunua. Donge la unga lilikuwa limezungushiwa kijiti, limekaushwa juani hadi likaanza kuwa gumu, nalo lilikuwa na mashimo ya vidole. Mama mkwe alikuwa akikanda unga wa chapati akaupata ujanja huo. Alilishika donge jinsi alivyozoea kushika vifaa vyake vya kufungia nzi, pale ambapo mkono haumuumi, akaachia.

"Amesema nikwambie," mke wangu alisema, "huu unaruhusiwa kuushika."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaweka vidole vyangu katika mashimo yale, kimoja kimoja, na kila kitu kikawa wazi. Kidole cha mwisho kiligusa tu. Gumba lilikaa ubavuni. Kidole cha shahada kililala juu, kimenyooka, kama kinaonyesha njia. Huo haukuwa mkono wa mwiko hata kidogo! Nilishika msasa na kuupunguza ule mpini unene kwa nusu nzima, nikachimba mfereji mwembamba wa kidole cha shahada, na gurudumu la kuzungushia mshipi nikalisogeza nyuma ili fimbo ijibebe yenyewe, isiutegemee mkono. Ilipowekwa juu ya kidole changu ilitulia bila kuinama huku wala kule.

Kibali cha kuvua tulichukua, tukaenda mto Gura asubuhi ambayo maji yalikuwa bado yanaonyesha kila jiwe. Mama mkwe alivaa gambuti na shali mbili. Nzi alimchagua mwenyewe, wa kahawia mwenye mkia mfupi, akamfunga kwenye mshipi bila kumruhusu yeyote asaidie.

Mrusho wa kwanza uliingia kichakani.

"Mwambie fundi auhamishe huo mti."

Uliofuata ulitua mahali pazuri, na maji yakamchukua nzi bure. Akarusha tena na tena, kidole cha shahada kikitangulia, na mkono haukurudi ndani ya shali. Mke wangu alininong'oneza, "Haumii." Nami nilikuwa nimeshaona.

Kisha, karibu na jiwe kubwa, maji yakafunguka. Mdomo ukatokea, nzi akapotea, na fimbo ikapinda, oo, ikapinda vizuri kutoka ncha mpaka karibu na mpini!

"Fundi!" Mama mkwe alinigeukia, akanitazama machoni. "Fundi, ameshika! Nifanye nini?"

"Inua ncha, mama! Mwache akimbie! Usimvute!"

"Anakimbia!"

"Mwache! Sasa zungusha, polepole, polepole!"

"Haya, sasa mnaongea!" mke wangu alipiga kelele.

Nilimpokea samaki kwa wavu, nikamshikilia ndani ya maji. Mama mkwe aliinama hadi shali ikalowa. Pembeni mwa mdomo wa trauti palikuwa na nzi wake wa kahawia, mkia umechanika kidogo. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Ameamini," alisema.

"Tumpeleke nyumbani, Mami?" mke wangu aliuliza.

"Nikafanye nini na nyoka wa maji? Sijawahi kula samaki, na sitaanza leo." Alimtoa ndoana kwa vidole viwili, kama anayechomoa uzi kwenye kitambaa, na samaki akaenda zake.

Alisimama, akanyoosha shali, akanipa mgongo kama ilivyo desturi.

"Maitu, mwambie fundi fimbo iko sawa. Na mwambie arudishe mwiko wangu."

Mke wangu akanigeukia aniambie. Mama alikuwa ameshaanza kurusha tena.