Nusu Kidonge

Fundi rangi mmoja, ambaye wenzake walimbandika jina la Kinyonga kwa kuwa kila jioni alirudi nyumbani na rangi tofauti, alikuwa na presha. Mkewe pia alikuwa nayo. Waligunduliwa siku moja, na daktari mmoja, aliyewapa nasaha moja: wapunguze chumvi, wafanye mazoezi, waache mawazo. Mazoezi hayakuwa shida. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya nne, bomba la maji liko uani, na ndoo alipandisha mke. Kuhusu mawazo, daktari hakusema wakayaache wapi.

Shida ilikuwa vidonge. Mshahara ulitosha boksi la mtu mmoja tu, basi kila asubuhi mke aliweka kidonge juu ya cherehani yake, akakipasua kwa wembe, wakagawana kwa upendo wa kupigiwa mfano.

Kila baada ya miezi mitatu nesi alikuja kazini na mashine yake. Fundi aliyekutwa na presha ya juu hakupanda tena jukwaani; alipewa ufagio, na mshahara wa ufagio. Kampuni haikutaka mtu aanguke kutoka ghorofa ya saba. Akiwa chini angeweza kuanguka atakavyo.

Kwa hiyo, wiki ya vipimo, mke alimwachia mumewe kidonge kizima.

"Meza chote, baba," alimwambia. "Mimi kazi yangu ya kukaa. Hata nikianguka, siendi mbali."

"Na kichwa chako?"

"Kichwa kinauma hata nikimeza."

Hakuuliza mara ya pili. Alikuwa mtu wa adabu.

Akapita vipimo, akapita tena, na tena. Safari ya mwisho nesi alimsifu mbele ya mafundi wote.

"Mwangalieni huyu! Umri wote huo, presha ya kijana. Siri yako nini, mzee?"

"Mke," alijibu. Mafundi wakaangua kicheko, naye akacheka nao.

Wiki hiyo haikuisha. Alimkuta mkewe amelala kifudifudi juu ya foronya aliyokuwa akiishona, mdomo umekwenda upande, mguu bado uko kwenye kanyagio la cherehani. Hospitali ilimrudisha akiwa na upande mmoja unaofanya kazi na bila maneno. Daktari alionya: kidonge kizima kila siku, bila kukosa; kiharusi kikirudi, wasimsumbue kwa kumleta.

Dada yake mke akaja kumuuguza. Boksi alinunua yeye, maana mshahara wa Kinyonga sasa ulikwenda kulipa hospitali.

"Hivi ni vya mgonjwa, shemeji," alisema.

"Kwani mimi mzima?"

"Mgonjwa. Lakini wewe bado unaongea."

Wiki ya vipimo ikafika. Shemeji aliposhuka kuteka maji, Kinyonga akachukua wembe, akaketi kitandani.

"Wiki hii tu, mama. Wakinipa ufagio, tutakula nini?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Mke alilishika boksi kwa mkono wake mzima.

"Basi nipe nusu. Kama zamani."

Mke akatoa kidonge kwa meno, akakimeza kizima, kikavu, huku akimtazama. Kisha akalisukuma boksi chini ya mgongo wake, akalilalia.

Kinyonga alijaribu kumgeuza. Aligundua kwamba ule upande uliobaki hai ulikuwa na meno.

Siku ya vipimo, nesi alipima mara mbili, akatikisa mashine, akapima tena. Mchana Kinyonga alikuwa chini, anafagia matone ya rangi yaliyodondoshwa na wenzake.

"Vipi, mzee, leo umetuachia mawingu?" mmoja alimpigia kelele kutoka juu. "Na hicho kidole kimefanya nini?"

Kinyonga aliegemea ufagio, akakitazama kidole kilichofungwa kitambaa.

"Maradhi yanambadilisha mtu, jamani," alisema kwa huzuni ya kweli. "Yule mwanamke hakuwa mchoyo hata kidogo."