Dobi Aliyeanika Ndani ya Jicho la Kimbunga

Mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa dobi. Watu walimwita Buluu kwa ajili ya vidole vyake, ambavyo rangi ya kung'arishia nguo nyeupe ilikuwa imevihamia moja kwa moja. Alifua kwa mkono na kupiga pasi ya mkaa, na shati likitoka kwake ungeweza kulisimamisha mezani. Hiyo ni enzi ya nguo chache na heshima nyingi. Kisha zikaja mashine, na nguo zisizostahili hata pasi, wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Akabakiwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa juu, tuliyemwita Bi Mkubwa. Shuka zake ndizo zilizomweka mdogo wangu mjini.

Mwaka ule mvua ilinyesha mfululizo kabla kimbunga chenyewe hakijafika. Shuka zote za Bi Mkubwa zilikuwa kwa Buluu, zimelowa, zimeanza kunuka uvundo.

"Zikiota ukungu nimekwisha, kaka," aliniambia. "Atanunua mashine."

Redio ikatutangazia upepo. Tukajifungia kwake, mimi, yeye na mkewe, kabati tumelisukumia mlangoni. Asubuhi nzima upepo ulipiga kutoka baharini. Watu hudhani upepo hukandamiza paa. La, hupita juu yake kwa kasi ukalinyonya, na ukipenya dirishani hulisukuma kwa chini pia, misumari ikang'oka kama meno ya mzee. Mabati ya jirani tuliyasikia yakiondoka.

Mara, kimya. Jua likatoka. Juu yetu anga safi, na pande zote mawingu yamesimama kama kuta.

Buluu akakurupuka na beseni. Maisha yake yote alifuata sheria moja: jua likichomoza, anika kwanza.

"Rudi!" nikamwambia. "Hilo ni jicho."

"Jicho la nani?"

"La kimbunga. Bahari ikipata joto, mvuke hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo, na kwa kuwa dunia inazunguka, nayo huzunguka. Katikati hubaki tundu tulivu. Likishapita, upepo unarudi kutoka upande wa pili."

"Wewe na vitabu vyako vya kuokota! Jua ni jua, kaka."

"Shemeji, mwambie mumeo."

"Nimwambie mimi? Mwanamume aliyeniacha na uchungu wa kuzaa akakimbilia kuanua nguo!"

Nikatoka nami. Nifanyeje? Kidole kimoja hakivunji chawa, na ndugu ni ndugu. Nikashika ncha ya pili ya kila shuka, nikimwomba tuzianue hata kabla hatujamaliza kuzianika. Yeye anapapasa mapindo tu: "Zinakauka, kaka. Zinakauka!" Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu ujana.

Ukuta wa mawingu ukafika. Safari hii upepo ulitoka nchi kavu, upande ambao nyumba haikuwa na kinga. Kamba zikakatika, miti ya kuanikia ikang'oka. Mimi na mkewe tukamburuta ndani, kila mtu na mkono wake. Paa likaondoka tukiwa chini ya meza.

Kimbunga kikiingia nchi kavu hukosa mvuke wa bahari, kikaanza kufa. Lakini hufa kikivunja. Kulipokucha daraja halikuwapo, bahari iliyosukumwa na upepo ilikuwa imelala sokoni, na watu walichimbua ndugu zao kwa mikono. Katikati yao Buluu akiokota shuka, kwenye nyaya zilizoanguka, kwenye matope, juu ya gari lililopinduka. Nilimwonea haya, kisha nikamsaidia. Akazifua kwa maji ya mvua, akazipiga pasi ndani ya chumba kisicho na paa, akazikunja.

Bi Mkubwa tulimkuta amesimama kati ya kuta nne tupu.

"Zimepungua chache, Bi Mkubwa," Buluu akasema. "Nitazitafuta. Usininyang'anye kazi."

Alimtazama kama mtu aliyesahau lugha. "Kazi gani, Buluu? Vitanda viko wapi? Wageni wako wapi? Zipeleke shuleni, watu wamelala sakafuni kule."

"Na baadaye?"

"Baadaye nakwenda kwa binti yangu. Sijengi tena."

Buluu akashusha furushi barabarani, juu ya matope, akalikalia. Dobi, kukalia nguo alizozipiga pasi mwenyewe! Nikangoja ainuke. Nikachoka kungoja, nikakaa kando yake.