Fundi Cherehani na Dripu ya Platini

Saa kumi na moja alfajiri, gizani, kitu kidogo kinaanguka sakafuni, ti, kisha kinabingirika hadi chini ya kitanda. Ni kifungo. Cha tatu tangu aamke.

"Nikishika kifungo, jicho ndilo linaloniambia nimekishika," anasema mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Fundi. "Vidole vimekufa ganzi. Na taa siwashi, mtoto amelala."

Fundi ana saratani ya shingo ya kizazi. Kila wiki anatundikiwa dripu ya dawa iliyotengenezwa kwa madini ya platini, yale yale ya pete za matajiri. Dawa inapambana na uvimbe, ila njiani inajeruhi pia mishipa ya fahamu.

"Wenzangu wanayavaa kidoleni, mimi nayanywa kwa mshipa," anasema na kucheka. Kicheko hakifiki mbali.

Zamani alishona mashati matano kwa siku. Sasa hata mawili ni ya kubahatisha. Juzi mteja alirudisha lake: "Fundi, kola na shati vimegombana?" Akafumua, akaanza upya. Sindano ya cherehani ikampita kidoleni. Alijua alipoona kitambaa cheupe kimelowa damu.

Hospitalini, Fundi haya hayasemi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisema, dawa ikasimamishwa, na mwezi haukuisha wakamzika. Fundi hakuuliza alikufa kwa nini. Alijiamulia mwenyewe: ni kukosa dawa.

"Bila vidole nitaishi," anasema. "Bila dawa, huyu nimwachie nani? Baba yake alishajiendea."

Muuguzi wa wodi ameshayaona mengi. "Mgonjwa akisema mapema, daktari anapunguza dozi au anabadilisha dawa," anaeleza. "Wanaoficha, wengine mikono hairudi tena."

Leo Fundi amekuja wodini na bintiye wa miaka sita. Jirani wa kumwachia amesafiri. Fundi amebakiza dripu mbili. Akizimaliza, anasema, sare ya shule ya binti ataishona mwenyewe, marinda yote.

Muuguzi anaandaa chupa. "Haya mama, vidole vinasemaje?"

"Salama tu, dada."

"Hata ganzi kidogo?"

"Hamna."

Binti, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, anamtazama mama yake, kisha anamgeukia muuguzi.

"Mama hasikii sindano ikimchoma."